Sauti Aliyoificha Sifuna

Sifuna aliuza mitumba Kitale, na sokoni hakuna aliyemshinda kwa kuigiza watu. Akitaka, alikuwa chifu. Akitaka, alikuwa mheshimiwa anayeomba kura. Sauti ya pasta wake aliipatia mpaka siku moja mke wa pasta akageuka na kuitika. Sauti moja tu ndiyo hakuitumia: yake mwenyewe. Alipotoka kwao Sirisia kwenda shule ya bweni, wenzake walimcheka kwa kuchanganya L na R, akaifungia huko huko.

Kanisani hakukosa Jumapili, ila moyoni alijua alikwenda kukusanya mahubiri ya kuigiza.

Basi jirani yake katika mtaa wa Tuwan, mzee wa watu Mama Bilha, akaanguka na kuvunjika nyonga. Aliporudishwa kutoka hospitali, Sifuna akampelekea uji. Mama akaunywa, akafunga macho.

"Sasa niombee, mwanangu."

Sifuna akakohoa, akaanza kwa sauti nene ya pasta: "Ewe Jehova wa majeshi..."

"Huyo alikuja jana," Mama Bilha akasema, macho bado ameyafunga.

Sifuna akabadilisha, akawa askofu.

"Huyo naye humsikia redioni. Si uniletee Sifuna, bana? Hata Mungu anamngoja."

Sifuna ana miaka thelathini na minne, na hajui aanzie wapi! Akapiga magoti kando ya kitanda, kikombe kitupu mkononi.

"Bwana," akasema mwishowe, kwa sauti nyembamba inayotetemeka, "nimechoka kuwa kira mtu. Kuomba sijui. Kama unanitaka, nichukue hivi nirivyo. Na huyu mama umponye, tafadhari."

Alitarajia kicheko.

"Amina," akasema Mama Bilha, machozi yakimtiririka hadi masikioni. Sifuna naye akalia, kisha akacheka mwenyewe, maana kifua kilikuwa chepesi kama cha mtu aliyetua gunia la mahindi.

Mwezi uliofuata alikwenda Sirisia, akasimama katika kanisa la nyumbani kutoa ushuhuda. Watu walijiweka tayari, wakingoja amwigize chifu. Yeye akawaeleza alivyojikabidhi kwa Kristo, L na R zikigongana njia nzima. Mama yake, Roselyne, akamnong'oneza jirani, na kanisa zima likasikia: "Huyo sasa ndiye nilizaa."

Siku hizi kila Alhamisi mchana Sifuna hufunga kibanda akazungukia wagonjwa wa Tuwan. Huwapikia uji, huwasomea Zaburi, huwanyoa ndevu. Mama Bilha hufuatana naye kwa mkongojo, na amemkataza jambo moja tu: kuimba.