Marahaba ya Jumamosi

Juzi nilikuwa Kwa Mathias nasubiri basi, nimekaa kwenye benchi la duka la soda. Redio ya dukani ilipiga kelele: mara mpira, mara dawa ya minyoo, mara mtangazaji anacheka peke yake. Binti muuzaji akaniambia kituo kimenunuliwa na tajiri mwingine, ndiyo maana vipindi vimegeuzwa. Nikamwambia hayo si mapya, mjukuu wangu. Bibi yangu yalimfikisha kwenye matanga.

Utotoni kwetu Maneromango, Mwingereza bado yupo, redio ilikuwa moja tu, ya mwalimu wa misheni. Betri yake ilikuwa nzito kama tofali, tena ghali, kwa hiyo ilifunguliwa kwa taarifa ya habari na, Jumamosi jioni, kwa salamu za wasikilizaji. Tulikaa mkekani uani kwake, Waislamu na Wakristo, tukitafuna muhogo wa kuchoma kwa nazi. Kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza mbuzi wasijikune kwenye nguzo ya waya wa redio.

Mjomba wangu alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam. Tangu apate njia ya kusalimia redioni, nyumbani haonekani. Mtangazaji alisoma jina lake na shikamoo yake kwa mama yake. Bibi alitengeneza khanga yake, akaisogelea redio, akaitikia, "Marahaba, baba." Hakuna aliyecheka.

Kisha kituo kikatoka mikononi mwa serikali, kikapewa shirika. Salamu zikaondolewa, pakawekwa muziki wa dansi na matangazo ya sabuni. Jumamosi ya kwanza bibi alivumilia. Zilizofuata akawa anasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwalimu akamweleza kwamba kilichobadilika ni wenye kituo tu, mwanawe mzima.

"Mwalimu," bibi akasema, "nyumba ikipata mwenyewe mpya, wageni hukatazwa kupiga hodi?"

Bibi akaweka matanga ya mwanawe. Majirani wakaleta mchele na kuni, wanawake wakalala ukumbini. Nililia sana, nilimpenda mjomba.

Dereva wa lori akazifikisha habari bandarini. Siku ya hitima mjomba akashuka, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakuta watu wanakula pilau ya kifo chake.

"Shikamoo, mama."

Bibi alimpapasa uso, akampapasa mabega, ndipo akasema, "Marahaba. Kumbe njia unaijua."

Tangu hapo mjomba alikuja kila mwisho wa mwezi, na bibi hakukanyaga tena uani kwa mwalimu. Wote wamekwisha kufa. Nawakumbuka bila machozi, umri umenizoesha. Ila ule ukimya wa watu wakimpisha mama aitikie salamu ya mwanawe, huo naukosa.

Basi likawa linaingia. Mtangazaji akapunguza muziki, akasema shikamooni wazee wote mnaotusikiliza.

"Marahaba," nikaitikia.

Binti akageuka, akaniuliza naongea na nani.