Gurudumu la Kumbeba Mama Mkwe

Mkate ni mzigo mkubwa kwa macho na mdogo kwa gurudumu. Ndiyo maana baiskeli ya yule msambazaji wa mikate, ambaye mtaa mzima ulimwita Mikate bila kumwomba ruhusa, ilikuwa imezeeka bila kuugua. Kila asubuhi alifunga sanduku la mbao juu ya keria ya nyuma, akapita duka kwa duka, na sanduku likiwa tupu alirudi akipiga mluzi. Spoku za gurudumu la nyuma zilishika kutu, nyingine zikacheza kama meno ya mtoto wa darasa la pili, lakini mikate haikulalamika.

Kisha mama mkwe akahamia kwake.

Alikuja na cherehani, sanduku la nguo na goti la kulia lisilokunjika. Maisha yake yote alikuwa fundi wa nguo, na mguu wa kulia ndio uliokanyaga cherehani. Daktari alisema goti lipelekwe kliniki kufanyishwa mazoezi kila wiki, la sivyo litakauka kama mpini wa jembe. Binti yake, yaani mke wa Mikate, alifua mashuka hotelini na aliondoka nyumbani mapema. Basi kazi ya kumpeleka mama ikamwangukia mkwe, kwa kuwa alikuwa na baiskeli na adabu.

Mama mkwe alikuwa mtu wa mwili. Mikate asingelitamka hilo hata kwa kuchomwa moto.

Safari ya kwanza aliweka mto juu ya keria. Mama akakaa upande, miguu yote kushoto, goti bovu amelinyoosha mbele. Walipofika kwa kinyozi, pale mteremko unapoanza, spoku ikalia tang! Ikafuata nyingine. Ikafuata ya tatu, na gurudumu likaanza kuyumba kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Wateja wa kinyozi walitoka nje na povu mashavuni.

"Mikate!" mmoja aliita. "Leo umebeba tanuri lenyewe?"

Mama mkwe alishuka bila kushikwa mkono.

"Baiskeli imechoka," alisema.

"Ni kuukuu, mama."

"Ndiyo. Ni kuukuu."

Wakarudi kwa miguu, mama akichechemea mbele, Mikate akisukuma baiskeli nyuma. Njia nzima hakuna aliyesema neno isipokuwa gurudumu.

Tangu siku hiyo mama mkwe alitangaza kwamba goti limepona. Lilikuwa limepona kiasi kwamba hakuweza kufika bafuni bila kushika ukuta. Mezani alianza kuacha nusu ya chakula, akisema ameshiba kwa harufu.

"Mama ameanza kupanga nguo sandukuni," mke alimwambia Mikate walipobaki wawili. "Anasema anarudi kwake."

"Kwa goti lile? Nani atamchotea maji?"

"Nimemuuliza. Ameniambia maji hayachotwi kwa goti."

Mikate akawaza. "Nitatengeneza gurudumu."

"Mtu anahama, mume wangu, wewe unatengeneza gurudumu."

"Nitengeneze nini sasa?"

Mke akazima taa, akaenda kulala.

Fundi wa baiskeli alijulikana kama Sikio, kwa sababu alikagua gurudumu kwa kupiga spoku zake kwa kucha na kusikiliza, kama mtu anayejaribu zeze. Alikuwa mwembamba, na banda lake lilining'inizwa rimu tupu za magurudumu tangu mlangoni hadi ukuta wa nyuma, hivi kwamba mteja mrefu aliingia kwa kuinama.

"Gurudumu halitengenezwi kwa ajili ya baiskeli," alisema. "Hutengenezwa kwa ajili ya mzigo. Utabeba nini?"

Mikate alikuwa amejiandaa kwa swali hilo njia nzima. "Simenti."

"Umeacha mikate?"

"Sijaacha. Simenti ni mara moja kwa wiki."

"Mifuko mingapi?"

Mikate akatazama juu. "Mmoja na nusu."

"Hiyo nusu unaifungaje?"

"Kwa uangalifu."

Sikio hakuuliza zaidi. Mikate alinyoosha mkono kwenye rimu iliyong'aa kuliko zote.

"Hiyo ni ya kwendea posa," alisema Sikio. "Ukuta wake mmoja, na tundu chache. Chukua hii yenye kuta mbili, tundu arobaini. Spoku zikiwa nyingi, mzigo unagawanywa kama kazi za msibani, hakuna anayeumia peke yake."

Kwa habu, kile kitovu cha gurudumu, alichagua ya chuma yenye masikio mapana ya kushikia spoku. Ilipofika zamu ya spoku, Mikate alitaka zile nene kabisa, ambazo zingefaa hata kupigia paa.

"Hapana. Spoku haifi kwa kukazwa, ndugu yangu. Inakufa kwa kulegea. Ukipita shimo inalegea, inakaza, inalegea, inakaza, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, mpaka shingo inachoka. Hizo nene ni ngumu, hazijui kunyumbuka. Chukua hizi, nene kwenye ncha, nyembamba katikati. Na hazishiki kutu."

"Nyembamba tena?" Mikate alisikitika.

"Wewe unanunua nguvu au unanunua unene?"

Mikate aliona mazungumzo yanaelekea pabaya, akakubali.

Sikio alilaza gurudumu la zamani mapajani ili alifungue, akapitisha ukucha kwenye spoku, upande mmoja kisha wa pili. Akarudia. Akainuka, akakagua keria.

"Mikate."

"Naam."

"Zilizokatika zote ni za kushoto."

"Ni bahati mbaya."

"Mfuko wa simenti hukaa katikati. Wako umeegemea upande mmoja. Na hapa kwenye nati umeacha uzi mwekundu." Aliuinua uzi kwenye mwanga. "Simenti yako ina miguu."

Mikate akauchukua ule uzi, akautia mfukoni.

"Umeinunua wapi?"

"Sikuinunua. Nimemuoa binti yake."

Sikio akaweka spana chini, akafuta mikono kwa kitambaa, akasimama kidogo kama aliyepitiwa na jeneza.

"Basi tuendelee kusema simenti."

"Tafadhali."

"Na ule uzito ndio wenyewe?"

"Sijawahi kumtazama kiasi cha kujua."

"Nakuelewa. Mkwe ni mkwe. Lakini gurudumu halina mkwe." Akamwonyesha. Upande wa kulia wa gurudumu la nyuma kuna meno ya mnyororo, kwa hiyo spoku za kulia husimama wima na kukazwa sana. Za kushoto hulala na kubaki legevu. Mtu akikaa upande, hizo legevu ndizo zinazoteseka. "Nikijua uzito, nitajua pa kuishia kukaza. Nisipojua nitakisia."

"Kisia."

Gurudumu lilipokamilika walilijaribu. Kwa kuwa hapakuwa na simenti, Sikio mwenyewe alikalia keria, miguu yote kushoto, amepakata sanduku la spana. Walipopita kwa kinyozi watu walisimama.

"Mikate, mbona bibi harusi ana ndevu?"

"Nyamazeni, nasikiliza," alijibu bibi harusi.

Aliposhuka alisema gurudumu liko sawa kwa kadiri ya makisio. "Siku ya kwanza litalia kidogo. Spoku zinajiweka sawa. Usiogope."

Mikate alifika nyumbani akamkuta mama mkwe uani, ameketi juu ya sanduku lake. Lilikuwa limefungwa kamba. Aliegemeza baiskeli ukutani, gurudumu jipya likimwelekea mama, halafu akajifanya anatafuta kitu ardhini.

Mama alilitazama kwa muda. Akavuta kigoda karibu, akagusa spoku za kulia kwa kidole, kisha za kushoto.

"Zimepishana vizuri. Ila upande huu uzi umekaza, huu umelegea. Fundi aliambiwa anashonea nini?"

Mikate angeweza kusema mikate.

"Simenti, mama."

"Mifuko mingapi?"

"Mmoja na nusu."

Jirani aliyekuwa akianika nguo alisimama kusikiliza.

"Umenipunja," alisema mama mkwe.

"Nisamehe, mama. Nilishindwa..."

"Nimepima wanawake maisha yangu yote, baba. Ukiwazungushia futi wanavuta tumbo ndani. Futi inadanganywa, nguo inashonwa, na siku ya sherehe wanapumua. Unajua inapasukia wapi?"

"Kwenye mshono?"

"Mbele za watu."

Mikate alimkumbuka kinyozi. Aliona kwamba na mama alikuwa akimkumbuka kinyozi.

"Kliniki ni lini?" mama aliuliza.

"Kesho."

"Uweke ule mto."

"Na sanduku, mama?"

"Sanduku lina goti?"

Kesho yake walipofika juu ya mteremko, gurudumu likalia: tik. Likarudia: tik, tik. Povu la kinyozi lilikuwa tayari mlangoni. Jasho lilimtoka Mikate hadi kwenye nyayo, ndipo alipokumbuka kwamba onyo la fundi hakulifikisha.

"Mama, fundi alisema kwamba siku ya kwanza..."

"Nguo mpya hulia mishono ikijikalia," ilisema sauti nyuma yake. "Kanyaga. Wanatutazama."

Akakanyaga. Walifika chini wakiwa na spoku zote.

Mlangoni pa kliniki palikuwa na mizani, na kila mgonjwa alitakiwa kupanda. Mama mkwe alipopanda, Mikate aligeukia ukuta, akaanza kusoma tangazo la kunawa mikono. Muuguzi akasoma mizani kwa sauti ya chini, kwa heshima.

"Mwanangu, sema kwa sauti," mama mkwe alisema. "Mkwe wangu ana fundi anayesubiri vipimo."

Muuguzi akasema kwa sauti. Mikate aliendelea kujifunza kwamba sabuni ifike hata katikati ya vidole.

"Umesikia, baba?"

"Nimesikia, mama."

"Usipunguze."

Mama alipokuwa ndani kwenye mazoezi, Mikate aliendesha mpaka kwa Sikio, akamnong'oneza kwenye lile sikio lake maarufu. Fundi hakushangaa. Alitafakari, akachukua ufunguo mdogo, akakaza upande wa kushoto kidogo kidogo huku akipiga spoku kwa ukucha, mpaka akaridhika na sauti. Halafu akasema simenti ya aina hiyo ndiyo hujengewa msingi.

Jioni sanduku lilifunguliwa, na cherehani ikapata nafasi yake dirishani. Mezani mama mkwe alimaliza sahani yake, akaisogeza kwa binti yake aongezewe.

Mikate alitazama dari, akaziwaza zile spoku za kushoto.