Springi Hazikulia

Fundi huyu wote walimwita Sikio, hata mama mkwe wake. Jina alilipata ujanani, alipokuwa akikaa nje ya gereji, gari linapita, naye anasema bila kuinua macho kwamba lile lina valvu imeungua. Wabishi walimfuata mwenye gari, na injini ikifunguliwa inakuwa hivyo hivyo. Kwa watu wa magari ya mashindano, injini haikuhesabika imekamilika mpaka Sikio aiinamie na kusema inaimba.

Gari lililokuwa limebaki kwake sasa lilikuwa la mdogo wake. Mdogo huyo alishindana kwenye barabara ya mlimani mwaka nenda mwaka rudi, akimaliza katikati ya kundi, si wa kusifiwa wala wa kuchekwa. Safari hii alijinyima mpaka akapata kemshafti ya mashindano, ile inayozifungua valvu juu zaidi na kuziacha wazi muda mrefu ili injini ivute pumzi ya kutosha. "Nikishindwa na hii, kaka, naachana na haya mambo," alisema. Hakuwa mtu wa kusema ovyo. Sikio alijua kwamba gari hilo likiondoka halitakuja lingine, maana wateja wake walikuwa wamepungua mmoja mmoja bila hata kuaga.

Kemshafti kali bila springi za valvu zinazoendana nayo ni hasara tupu. Springi ikiwa legevu, valvu huchelewa kurudi na pistoni huikuta njiani. Ikiwa ngumu kupita kiasi, huila kemshafti taratibu mpaka kuimaliza. Walipanga mezani zote walizokuwa nazo. Za zamani Sikio alizibonyeza kwa kiganja, akazisukuma kando. Za injini ya lori, ambazo mdogo wake alizitoa anakokujua mwenyewe, alizitazama tu. "Hizi kafungie geti la kwako," alisema. Zikabaki mpya, zilizoagizwa pamoja na kemshafti, na moja ya akiba. Moja aliibana kwenye jiliwa mpaka kimo ambacho itafikia valvu ikiwa wazi kabisa, akapitisha ukucha kati ya mizunguko yake. Ukucha ulipita. Nafasi ilikuwa ndogo lakini ilitosha mizunguko isigusane, na kazi ya kuchagua ingeweza kuishia hapo.

Lakini Sikio alikuwa na mtihani wake, ambao fundi mwingine hakujisumbua nao. Kila springi aliidondosha juu ya kipande cha reli, akaisikiliza. Springi nzima hulia sauti nyembamba inayokawia kuisha, na iliyochoka hutoa kishindo tu. Alidondosha ya kwanza, akapata kishindo. Ya pili vilevile. Alizidondosha zote, akarudia, na zote zilikuwa kishindo.

"Zimelala hizi," alisema.

"Mbona zinalia vizuri tu?"

"Sikio hapa nani, mimi au wewe?"

Mdogo wake alicheka, akainua mikono. Nani abishane na kaka yake kwa jambo hilo? Sikio naye alicheka, huku akiitazama springi mkononi. Alikumbuka mambo aliyokuwa akiyakwepa: ndege wa alfajiri waliokoma kulia bila sababu, simu iliyomulika mezani naye ameketi kando yake, na jinsi mkewe siku hizi alivyozoea kuja mbele yake kwanza ndipo aseme. Hilo la mkewe alilichukulia kuwa mapenzi. Angeweza kusema pale pale, mdogo wangu, hebu nisikilizie wewe. Aliogopa, na hofu ya mtu mzima haina adabu.

Akachukua washa za chuma, vile visahani vyembamba vyenye tundu, akaweka chini ya kila springi ili zibanwe zaidi na kupata nguvu alizodhani hazina. Ni ujanja wa siku nyingi, na kwa kemshafti ya kawaida ungepita. Kwenye jiliwa hakurudi. Angerudi, angeona kwamba washa zimekula nafasi yote aliyoipima kwa ukucha.

Asubuhi ya kulijaribu gari, mkewe alileta chupa ya chai akasimama mlangoni. Injini iliwaka. Mdogo wake alikanyaga mafuta, mara uso ukamkunjamana, akageuka kumtazama kaka yake. Mkewe aliweka chupa chini. Sikio alisikia mngurumo mzito, laini, mzuri kuliko yote aliyowahi kuitengeneza. Alipoweka kiganja juu ya injini, kiganja kikamletea habari nyingine: mle ndani chuma kilikuwa kikigonga chuma. Mdogo wake alikuwa bado anasubiri neno. Kumwambia azime kungekuwa kukiri kila kitu, mbele ya mkewe.

"Inaimba," alisema Sikio.

Gari halikumaliza mwinuko wa kwanza. Lilirudi kwa kusukumwa, mdogo wake mzima wa mwili. Walipofungua injini, springi zilikuwa zimebanwa mpaka mizunguko ikagusana, mbili zimekatika, valvu zimepinda, na kemshafti mpya imechubuka isifae tena. Hapakuwa na cha kuokoa. Sikio alichuchumaa mbele ya vipande hivyo, akivigeuzageuza kwa kidole.

Springi ile ya akiba ikabingirika mpaka mguuni pake. Akageuka. Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma yake kando ya kipande cha reli, mkono mtupu, macho yamelowa. Alikuwa ameidondosha, na Sikio hakusikia hata kishindo.

Mdogo wake alizunguka gari, akachuchumaa mbele yake, akangoja macho yao yakutane.

"Tufunge gereji, kaka," alisema polepole, akifungua midomo sana, vilevile kama shemeji yake afanyavyo.

"Nimekusikia," alijibu Sikio.