Boriti Iliyozunguka Kama Pia

Ofisini walimwita Nati, kwa sababu alikuwa mfupi, mgumu, na akishakaza halegei. Siku mhandisi huyu alipokabidhiwa kazi yake ya kwanza ya peke yake, daraja la waenda kwa miguu kati ya soko na shule ya mtaani kwao, alifika nyumbani akicheka mwenyewe kama mwehu.

"Una mimba?" mumewe akauliza.

"Nina daraja!"

Kesho yake akalichora lote kwenye kompyuta: nguzo, boriti, sakafu, ngazi. Akaiambia programu ilijaze watu, kisha ipige hesabu. Boriti ya katikati ikachomoka, ikaporomoka mpaka ikatoka nje ya kioo.

"Shoga," akasema mwenzake wa meza ya pili, "hiyo imeshafika upande wa pili wa dunia."

Nati akavuta picha karibu. Kumbe boriti na nguzo zilionekana tu kama zimegusana. Kati yao palikuwa na mwanya mwembamba kama unywele. Akaziunganisha. Boriti ikatulia, lakini sasa nguzo zikawaka nyekundu, ishara kwamba zimezidiwa. Alikuwa amevikaza viungo kana kwamba vyuma vimechomelewa vikawa kitu kimoja, hivyo kila boriti ilipoinama, iliipinda na nguzo.

Akampigia fundi wa vyuma. "Kaka, pale utachomelea au utafunga bolti?"

"Bolti, dada, na kibamba cha chuma. Patanesa kidogo."

Basi akavilegeza viungo viwe kama bawaba. Kwa furaha akapitiliza, akaziruhusu ncha zote mbili za boriti zizunguke kila upande. Programu ikagoma. Alipoilazimisha imwonyeshe kulikoni, boriti ikaanza kujizungusha palepale ilipo, kama pia ya watoto.

Nati alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Bosi akatoka chumbani kwake, kikombe mkononi.

"Kuna msiba au harusi?"

"Njoo uone, bosi!"

Bosi akaja, akaona, akacheka mpaka machozi. "Iache iiname," akasema akijifuta, "ila usiiache ijisokote."

Nati akafunga mzunguko ule mmoja wa kujisokota, akabonyeza. Kijani kibichi, mwanzo hadi mwisho! Aliruka kumkumbatia mwenzake, akagonga kikombe, chai yote ikaishia kwenye shati la bosi, na hata bosi hakujali.

Daraja lilipofunguliwa, alimpandisha mama yake, aliyekuwa amemng'ang'ania mkono, macho kayafumba.

"Mwanangu, mimi na juu hatupatani."

"Hatua moja tu, mama."

Walipofika katikati, mama akafumbua macho. Magari yalipita chini ya miguu yake. Akamwachia mwanawe mkono, akaruka kidogo, akaruka tena, kisha akaanza kupiga vigelegele. Watoto waliotoka shule wakamwiga.

"Mke wangu, shuka!" baba akaita kutoka chini. "Unatutia aibu!"

"Panda wewe, mwoga mkubwa!"

Baba akapanda, akilalamika kila ngazi.