Kiazi Nilichomtupia Nungunungu

Shuleni hakuna anayeniamini, na sina haki ya kulalamika. Ni mimi niliyemwambia mwalimu wa dini kwamba mbuzi wetu amebatizwa. Lakini hili la nungunungu lilinipata kweli, na alama iko hapa kwenye kiganja. Ukitaka kucheka, ngoja nimalize.

Tulipotoka Nyeri, Baba aliuza ng'ombe wote ili apate kipande kwenye shamba la mzungu aliyehama, huku ng'ambo ya Cheptiret. Hatuna kwingine. Basi nungunungu akaanza kutumalizia viazi. Siku moja mimi na Wafula, kibarua wetu kutoka Bungoma, tukamfukua shimoni mwake. Mimi nilimpiga jembe la mguu wa kushoto, Wafula akammaliza.

Kwetu nyama ya porini hailiwi. Mama angevunja sufuria kuliko kuipika humo. Wafula akasema kwao ni tamu kushinda nguruwe, ila kipande cha kwanza hurudishwa shimoni kabla mtu hajaonja, halafu panafukiwa. Akanituma mimi. Unafikiri nilirudisha nyama? Nilitupa kiazi. Si ndicho alichokuwa akituibia?

Tukamchemsha kwenye debe, bandani. Mafuta yake meupe, unene wa kidole. Nikaonja. Niamini, ilikuwa laini, tamu, na mwishoni utamu kama wa njugu. Ilikosa chumvi tu, Wafula akaenda kuomba kwa jirani.

Jua lilikuwa linashuka alipoingia mzee mmoja bila hodi, amevaa koti kuukuu la kizungu. Mguu wa kushoto aliuburuta. Nikamsalimu, nikamkaribisha nyama. Yeye akanitazama mdomo.

"Ni tamu?"

"Tamu sana, Mzee."

"Na mimi umenipa nini?"

Akafungua mkono. Kiazi changu, bado kina udongo. Mzaha wote ukaniishia. Nikajibu upumbavu, ati shamba hili tumelinunua.

"Mlinunua udongo," akasema. "Mimi niliwauzia lini?"

Akanitia kile kiazi mkononi, akanifumba vidole, akakaza. Miiba ya nungunungu tuliyoirundika mlangoni ikaanza kucheza yenyewe, chaka chaka chaka. Wafula aliporudi alinikuta peke yangu nalia, mwiba umepita kwenye kiazi na kiganja pamoja.

Kidonda kilipona. Shamba halikupona. Kila kiazi tunachovuna kina tundu katikati, kimetobolewa huku na huku, na sokoni viazi vyetu hakuna anayevishika. Vya jirani ni vizima kabisa. Wafula alipeleka kuku mzima shimoni kuomba radhi. Asubuhi tukamkuta ametupwa nje, hajaguswa. Na mimi, nyama yoyote nikila, hata ya Krismasi, ina ladha ya udongo.

Sasa Baba anatafuta mnunuzi huko Eldoret mjini. Ukikutana na mzee mpole anayekusifia shamba ng'ambo ya Cheptiret, msalimie vizuri, huyo ni baba yangu. Halafu uende zako.