Jumapili Zangu kwa Akina Mutua

Uso bado unaniwaka, lakini afadhali mlisikie jambo hili kwangu kuliko kwa majirani wa Kaloleni. Kanisa lilinituma mtaani Shauri Moyo kupatanisha Mutua, seremala wa Gikomba, na mkewe Mwikali. Walikuwa hawasemezani. Nami nilijiona mpatanishi hodari. Kila mmoja nilimketisha upande wake wa meza, na hakuna aliyeruhusiwa kujibu kabla ya kurudia maneno ya mwenzake.

Nilikwenda kila Jumapili baada ya ibada. Mwikali alipika muthokoi, na mahindi yale yaliyokobolewa yalikuwa na ladha ileile ya mapishi ya mke wangu, aliyerudi kwao Kitui kwa sababu nilishindwa kumwomba radhi. Kila wiki nilipanga foleni kwenye kibanda cha simu nipige simu dukani kwa jirani wa kwao Kitui, mke wangu aitwe. Zamu yangu ikifika, naondoka. Kwa akina Mutua nilikula polepole, kisha nikawaambia ugomvi wao ni mzito, tuendelee wiki ijayo.

Jumapili iliyopita ibada iliisha mapema. Nilipokaribia mlango nikawasikia wanacheka. Pazia likasogea.

"Amefika," Mutua akanong'ona. "Kaa kule, nuna."

Nikaingia. Kila mmoja alikuwa upande wake, amenuna kweli kweli. Mwikali akashindwa kujizuia, akacheka, kisha akainamisha kichwa.

"Tusamehe, Baba Mwende, tulipatana kitambo," akasema, huku akinipakulia. "Tuliogopa ukijua hutakuja tena. Na Jumapili utakula na nani?"