Jina la Hilaire

Ursule wa Wagenia, kwenye maporomoko ya mto Kongo, bado anauza samaki na mama yake, Mama Clothilde. Lakini kwa miaka minne Kisangani nzima ilimjua kwa jambo jingine: ni yule dada wa bendi ya Kutu, aliyepiga gita la besi huku amekunja uso utadhani anagombana nalo.

Kutu walipiga rock, tena ya fujo, katika mji uliozoea rumba. Walichekwa weee, hawakujali. Kilichowapandisha ni ukaidi. Hapa kwetu mwanamuziki hutupa mabanga, yaani huita jina la tajiri katikati ya wimbo, tajiri naye akamtunza. Kutu walikataa. Théodore, mwimbaji wao, aliapa mbele ya umati kwamba katika nyimbo zao litaitwa jina moja tu, la Hilaire.

Hilaire alikuwa kaka yake Ursule. Maporomoko yalimchukua akitega samaki, na mwili haukuonekana. Ursule akamtungia wimbo, na kwenye kiitikio ukumbi mzima ulipaza jina lake. Mama Clothilde, ambaye makelele yale yalimuumiza kichwa, hakukosa onyesho hata moja. Alisimama nyuma na beseni lake, akingoja kiitikio. Mtoto hana kaburi; pale ndipo alipokwenda kumtembelea.

Wimbo ukafika Opala, ukafika Yahuma. Wenye fedha nao wakaanza kunusanusa.

Asubuhi moja Mama Clothilde alikuwa akiparua samaki, redio ikaleta wimbo ule. Akaweka kisu chini, akangoja. Kiitikio kikaja: "Papa Benoît eee!" Benoît, mfanyabiashara wa mbao! Mtu ambaye hata ndoana hajawahi kuishika.

"Ursule," mama akauliza, "jina ya mutoto yangu iko wapi?"

Ursule alitembea kwa miguu hadi mtaa wa Tshopo, kwa Théodore. Besi iliyosikika redioni ilikuwa yake ileile. Sauti ya uimbaji tu ndiyo iliyobadilishwa, bila yeye kuambiwa. Sebuleni aliona ampli mpya ya kukuzia sauti ya gita, bado imo ndani ya plastiki.

"Dada, usikasirike," Théodore akasema. "Bon, mutu mwenye alikufa atatuletea ampli?"

Mshenzi mkubwa. Alikula msibani kwa Hilaire, akalia kuliko wafiwa, kisha akathubutu kusema vile. Ursule alichukua gita lake akatoka, na tangu siku ile hajapanda jukwaani.

Onyesho lililofuata, Théodore aliita "Papa Benoît" peke yake. Wanafunzi waliojaa ukumbini waliitikia "Hilaire", wakazomea, wakatoka. Kutu ikafa hapo, na ilistahili.

Ila redio haijachoka na wimbo ule. Kila kiitikio kikifika, Mama Clothilde huweka kisu chini na kuita jina la mwanawe kwa nguvu, kulifunika lile la tajiri. Juzi Ursule aliinyanyua redio ile aivunje.

"Uiache," mama akamwambia. "Nitamuitia wapi tena?"